Ndege Zilizodaiwa na Ndege Zilizoanguka

Katika mji wa Gisenyi, Wilaya ya Rubavu, mpaka wa Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hauko mbali na macho ya mtu yeyote. Nyumba za Gisenyi na nyumba za Goma zinatazamana, Ziwa Kivu ni moja, na kiwanja cha ndege cha Goma kiko kilomita chache tu kutoka mstari wa mpaka. Jambo linalotokea katika anga ya hapo hushuhudiwa na maelfu ya watu wa pande zote mbili kwa wakati mmoja.

Siku ya Jumanne, tarehe 24 Januari, 2023, jioni baada ya saa kumi na moja, ndege ya kivita ya Kongo aina ya Sukhoi-25 ilirushiwa kombora kutoka upande wa Rwanda. Serikali ya Rwanda ilitangaza kwamba ndege hiyo ilikuwa imeingia katika anga yake kwa mara ya tatu, na kwamba hatua za kujilinda zilichukuliwa. Serikali ya Kongo ilitangaza kwamba ndege yake ilishambuliwa ikiwa ndani ya anga ya Kongo, na kwamba kitendo hicho kilikuwa uchokozi. Picha zilizopigwa kwa simu za wananchi zilionyesha kombora likilipuka karibu kabisa na ndege. Mtu ambaye angeona mlipuko huo, kisha akageuka na kwenda zake, angeweza kuapa mbele ya hakimu kwamba ndege imeanguka. Lakini ndege haikuanguka. Ilitua Goma, na Kongo ikaeleza kwamba haikupata hasara kubwa.

Juu ya swali la mahali ndege ilipokuwa, serikali hizo mbili zilitofautiana. Juu ya swali la pili, yaani kama ndege iliangushwa au haikuangushwa, hapakuwa na nafasi ya mabishano, kwa sababu ndege ilionekana chini, mahali pake. Swali hilo la pili ndilo linalostahili kuzingatiwa na kila mwanajeshi na kila polisi. Kati ya kupiga na kuangusha kuna umbali mkubwa, na majeshi makubwa ya dunia yamewahi kuangamiza watu wao kwa kutoupima umbali huo.

Mapigano ya angani yana tabia yake. Rubani wa ndege ya kupigana hukaa nyuma ya shabaha yake kwa sekunde chache tu. Hufyatua risasi, huona moshi au kipande cha bawa kikichomoka, kisha hana budi kugeuka mara moja, la sivyo yeye mwenyewe atapigwa kutoka nyuma. Ndege aliyoiacha ikiporomoka mawinguni huenda imekwisha. Huenda pia imeteremka makusudi ili ijiokoe. Moshi mweusi huenda ni moto. Huenda pia ni injini iliyoongezewa nguvu ghafula. Zaidi ya hayo, rubani wa pili huikuta ndege ileile ikiwa imejeruhiwa, naye huipiga; kisha huja wa tatu. Inapoanguka, marubani watatu, kila mmoja kwa moyo safi, huandika ushindi mmoja mmoja. Ndege moja ya adui imekwisha kuwa tatu juu ya karatasi, na hakuna hata mmoja kati yao aliyesema uongo.

Mfano ulio wazi ulitokea miezi michache tu baada ya Vita Kuu ya Pili kuanza. Tarehe 18 Desemba, 1939, Uingereza ilituma ndege 24 za mabomu aina ya Wellington, mchana kweupe na bila ndege za kuzisindikiza, zishambulie manowari za Kijerumani katika Ghuba ya Heligoland, Bahari ya Kaskazini. Ndege 2 zilirudi njiani, 22 zikaendelea. Wajerumani walizigundua mapema kwa mitambo ya rada, na ndege zao za kupigana zikazivamia. Mapigano yalipokwisha, madai ya ushindi ya marubani wa Kijerumani yalifikia 38. Walidai kuangusha ndege 38 katika kundi la ndege 22.

Wakubwa wao waliyapunguza madai hayo kabla ya kuyakubali, lakini hata hesabu iliyobaki ilizidi ukweli. Madaftari ya Waingereza yalionyesha hasara ya ndege 12, na baadhi ya hizo zilizama baharini zikiwa njiani kurudi, ambako hakuna rubani wa Kijerumani aliyeziona. Waingereza nao hawakuwa na mkono safi zaidi. Wapiga bunduki wa zile ndege za mabomu walidai kuangusha ndege 12 za Wajerumani, na hasara halisi ya Wajerumani haikufika hata nusu ya hiyo.

Miongoni mwa madai ya siku ile yalikuwamo ambayo hayakuhitaji maneno mengi. Ndege iliyodaiwa na kamanda wa kikosi cha Kijerumani, Luteni Kanali Carl Schumacher, ilionekana baadaye ikiwa imekwama katika matope karibu na kisiwa cha Spiekeroog. Hayo ndiyo mabaki, na mabaki hayana upande wala hayatafuti nishani.

Jambo la kuzingatiwa ni kwamba ukweli ulitosha. Ndege 12 kati ya 22 ni zaidi ya nusu ya kikosi. Hasara hiyo ya kweli, pamoja na nyingine za mwezi uleule, iliwafanya Waingereza waachane na wazo la kutuma ndege za mabomu mchana bila ulinzi, wakageukia mashambulizi ya usiku. Wajerumani walikuwa wamepata ushindi mkubwa. Zile ndege nyingine zilizoongezwa kwa mdomo hazikuukuza ushindi huo hata kidogo. Kazi yake ilikuwa kuwapotosha walioziandika.

Mwaka uliofuata mambo hayo yalijirudia kwa kiwango kikubwa zaidi. Tarehe 15 Septemba, 1940, katika vita vya anga juu ya Uingereza, serikali ya London ilitangaza kwamba ndege 185 za Kijerumani zimeangushwa siku hiyo moja. Vita vilipokwisha na madaftari ya Wajerumani kufunguliwa, hasara yao ya siku ile ilionekana kuwa takriban ndege 60. Hata hivyo siku hiyo inaadhimishwa nchini Uingereza mpaka leo, na kwa haki, kwa sababu siku mbili baadaye Hitler aliahirisha mpango wake wa kuivamia nchi hiyo. Theluthi moja ya hesabu iliyotangazwa ilikuwa imefanya kazi yote.

Waliolipia madai ya uongo kiangazi kile ni Wajerumani wenyewe. Maafisa wao wa upelelezi walijumlisha madai ya marubani wao, wakatoa jumla hiyo katika idadi ya ndege walizodhani Waingereza walikuwa nazo, wakaona kwamba adui amekaribia kuishiwa. Hawakuzingatia vya kutosha kwamba madai yamezidi, wala kwamba viwanda vya Uingereza vilikuwa vikiunda ndege mpya kila wiki. Basi mabaharia wa anga waliotumwa London tarehe 15 Septemba, wakiwa wameambiwa kwamba ndege za adui zimebaki chache, walilakiwa na makundi makubwa ya ndege zilezile ambazo katika karatasi zilikwisha kufa zamani.

Wamarekani nao walipita njia hiyo. Tarehe 17 Agosti, 1943, ndege zao za mabomu ziliposhambulia miji ya Schweinfurt na Regensburg, walipoteza ndege 60. Wapiga bunduki wao walidai kwamba wameangusha ndege 288 za Kijerumani. Madaftari ya Wajerumani yalionyesha hasara ya ndege 25 hadi 27. Sababu yake si ngumu kuielewa. Ndege moja ya adui ilipopita katikati ya kundi, bunduki kumi au ishirini ziliifyatulia kwa pamoja, na ilipoonekana kuanguka kila mpiga bunduki aliamini kwamba risasi iliyoiangusha ni yake.

Lakini msiba mkubwa kuliko yote hayo ulitokea katika Bahari ya Pasifiki. Katikati ya mwezi wa Oktoba 1944, marubani wa Japani walizishambulia manowari za Marekani karibu na kisiwa cha Taiwan. Wengi wao walikuwa wageni kazini, na mashambulizi mengine yalifanyika usiku. Waliona mioto juu ya maji wakadhani ni meli zinazoungua, kumbe mingi ilikuwa ndege za wenzao zilizoangushwa. Japani ikatangaza kwamba imezamisha manowari 11 za kubebea ndege na manowari nyingine nyingi. Kwa kweli hakuna hata manowari moja ya kubebea ndege iliyozama. Manowari mbili za kati, Canberra na Houston, ziliharibiwa vibaya, zikakokotwa na kuokolewa.

Wakuu wa jeshi la wanamaji la Japani walipoanza kupata shaka, hawakuwaeleza wenzao wa jeshi la nchi kavu kama ilivyopasa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wamarekani walipotua kisiwani Leyte, nchini Ufilipino, tarehe 20 Oktoba, 1944, jeshi la nchi kavu liliamini kwamba linapambana na adui aliyevunjika. Mpango wa awali wa kupigania vita vikubwa katika kisiwa cha Luzon ukabadilishwa, na askari wakapelekwa Leyte kwa meli, kundi baada ya kundi. Manowari na ndege ambazo Japani ilidhani zimezama zilikuwa zikiwasubiri njiani. Makumi ya maelfu ya askari wa Kijapani waliangamia katika vita vya kisiwa hicho. Wengi wao walitumwa huko kwa amri iliyojengwa juu ya meli ambazo hazikuzama.

Mtu asidhani kwamba mambo hayo ni ya mabara ya mbali tu. Afrika Mashariki iliyaona katika vita vya Kagera. Majeshi ya Idi Amin yalipoingia Tanzania mwishoni mwa Oktoba 1978, Kampala ilijigamba kwamba yamelitwaa eneo lote hadi mto Kagera kwa muda wa dakika 25. Ndege za Uganda zilitumwa kulivunja daraja la Kyaka, zikatupa mabomu, na daraja likabaki limesimama. Lilivunjwa mwanzoni mwa Novemba, baada ya Waganda kumtumia mtaalamu wa baruti kutoka mgodi wa Kilembe, aliyefanya kazi hiyo akiwa ardhini. Taarifa ya rubani inaweza kusema lolote. Daraja ama lipo ama halipo.

Katika siku zilezile za mwanzo wa vita, walinzi wa anga wa Tanzania waliokuwa Musoma waliangusha ndege tatu za kivita. Zilikuwa ndege za Tanzania, na wao walidhani ni za adui. Hapa idadi haikuwa na kosa lolote: ndege tatu zilidaiwa, na ndege tatu zilianguka. Kosa lilikuwa katika swali ambalo hutangulia hesabu, yaani ndege hizo ni za nani. Fundisho hilo ni zito kwa kila mwenye silaha. Haitoshi kujua kwamba kitu kimeanguka, kama haijajulikana kilichoanguka ni nini.

Tena mwezi wa Machi 1979, Libya, iliyokuwa ikimsaidia Amin, ilituma ndege kubwa ya mabomu aina ya Tupolev-22 kushambulia matangi ya mafuta ya Mwanza. Ndege ilifika, ikashambulia, ikarudi. Matangi hayakuguswa. Silaha zake ziliangukia hifadhi ya wanyama ya Saanane, zikawaua swala kadhaa na kumjeruhi mfanyakazi mmoja. Kwa rubani aliyekuwa juu kwa mwendo wa kasi, mlipuko ni mlipuko. Kwa aliyekuwa chini Mwanza, matangi yalikuwa palepale na mafuta yake.

Basi hesabu ya kweli hupatikanaje? Kazi ya kuoanisha madai na hasara ina taratibu zake, na taratibu hizo hazitofautiani sana na za mpelelezi wa polisi. Kwanza, kila dai hupewa saa na mahali. Madai matatu yenye saa moja na mahali pamoja mara nyingi ni ndege moja. Pili, hutafutwa mabaki, na katika mabaki hutafutwa namba iliyochongwa kwenye injini, kwa sababu namba hiyo ni ya ndege moja tu duniani. Tatu, hutafutwa watu waliokuwamo: nani amezikwa, nani ametekwa, nani amerudi kwao. Nne, na hilo ndilo kubwa, husomwa daftari la upande uliopoteza.

Huenda mtu akauliza kwa nini aaminiwe adui. Anayeaminiwa si msemaji wa adui katika redio. Anayeaminiwa ni karani wake wa ugavi. Msemaji hupunguza hasara ili wananchi wasivunjike moyo. Lakini karani anayeomba ndege mpya badala ya zile zilizopotea hana faida ya kujidanganya. Akiandika pungufu, kikosi chake kitabaki bila ndege. Akiandika zaidi, ataulizwa ziko wapi. Naye ofisa anayepeleka habari za msiba kwa jamaa za marehemu hawezi kubuni marehemu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ushindi usio na daftari hupotea vivyo hivyo, hata kama ulikuwa wa kweli.

Ni lazima pia kuyatenganisha mambo ambayo ulimi huyachanganya. Ndege iliyopigwa ikatua salama si sawa na ndege iliyopigwa ikatua na kuvunjika, na hizo mbili si sawa na ndege iliyoanguka. Wako wanaodai zaidi kwa sababu waliona moshi. Yako pia mashambulizi yaliyoleta hasara kubwa kuliko ilivyodaiwa, kwa sababu ndege iliyojeruhiwa ilikwenda kufia mbali. Mhakiki mwaminifu hupunguza panapostahili kupunguzwa, na huongeza panapostahili kuongezwa. Hafanyi kazi hiyo ili kuwaaibisha mashujaa. Rubani aliyedai ndege mbili ikathibitika moja bado alipanda angani kukabili risasi.

Wananchi wa nchi za Maziwa Makuu wanaijua thamani ya uhakiki. Mwaka 2012 nchi hizo zilianzisha chombo cha pamoja cha kuhakiki madai ya mipakani, kikiwa na maafisa kutoka nchi mbalimbali, na makao yake yakawekwa Goma. Msingi wa chombo hicho ulikuwa kukiri kwamba nchi mbili zinapotuhumiana, tangazo la upande mmoja halimalizi neno mpaka watu wamekwenda mahali penyewe wakaona, wakapima na wakaandika.

Idadi ya watu hudai uangalifu zaidi kuliko idadi ya ndege. Mapigano yalipoingia Goma mwezi wa Januari 2025, makombora yalivuka mpaka yakawaua raia katika Wilaya ya Rubavu. Idadi ya kwanza iliyotangazwa tarehe 27 Januari ilikuwa watu 5. Katika siku zilizofuata idadi hiyo ilipanda. Waliotoa idadi ya kwanza walitaja waliokwisha kuhesabiwa wakati ule, na hesabu ilikuwa bado inaendelea. Kwa hiyo askari aliyeko zamu hapaswi kuichukua idadi ya saa ya kwanza kana kwamba ndiyo ya mwisho, wala kuikuza ili iwatie watu hasira, wala kuipunguza ili ionekane kwamba hali ni shwari. Nyuma ya kila tarakimu kuna mtu mwenye jina, na kuna nyumba inayosubiri kuambiwa ukweli.

Ni dhahiri, basi, kwamba uaminifu wa taarifa ni silaha miongoni mwa silaha. Mwanajeshi anayerudi kutoka doria na polisi anayeandika tukio katika kitabu cha kituo wana wajibu mmoja. Kila mmoja hana budi kutenganisha mambo matatu: aliyoyaona kwa macho yake, aliyoambiwa na wengine, na aliyoyahesabu kwa mkono wake. Akiona moshi, aandike moshi. Akisikia kwamba maadui kumi wameuawa, aandike kwamba amesikia, na kutoka kwa nani. Akihesabu maiti tatu, aandike tatu, mahali, na saa.

Naye mkubwa anayepokea taarifa ana wajibu wake. Asimsifu anayeleta idadi kubwa na kumkunjia uso anayeleta idadi ndogo, kwa sababu akifanya hivyo atakuwa amewafundisha askari wake kumdanganya. Kesho yake atapeleka kikosi mahali alikoambiwa adui amekwisha, na adui atakuwa anasubiri. Watakaokutana naye si wale waliotia chumvi katika taarifa. Ni vijana watakaopanda magari alfajiri, wakiamini kwamba wakubwa wao wamehesabu sawasawa.